Filamu Iliyomrudisha Blandina Kwao

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisi ya utamaduni mlinipa kitenge, keki, na nafasi ya kusema machache. Nilisema machache kweli, maana keki ilikuwa inalainika kwa joto na mkuu wa idara alikuwa anatazama saa. Mkaniambia basi niandike. Sitawaeleza nilivyopanda vyeo, kwa sababu nilipanda vichache na vyote vilichelewa. Nitawaeleza kazi yenyewe, na zaidi shauri moja lililonisumbua kuliko mengine yote, ambalo nilikaa nalo karibu muda wote wa utumishi wangu.

Mimi ni Mnyasa wa Liuli. Barua ya kupangiwa Mbinga mjini ilinikuta nyumbani, na siku hizo mwambao wote wa ziwa ulikuwa bado ndani ya wilaya ya Mbinga, kwa hiyo kwenye karatasi sikuwa nimehama popote. Mwilini nilikuwa nimehama sana. Nilipanda milima juu ya lori lililobeba usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, nikashuka nikinuka usipa, nina sweta moja, na baridi ya Umatengo ikanipokea kabla ya mtu yeyote. Jumatatu nikaripoti. Nilikabidhiwa meza ambayo droo yake haikufunguka, ngoma moja iliyopasuka ngozi, na Mzee Komba.

Mzee Komba ndiye aliyekuwa afisa utamaduni, mimi nikiwa msaidizi wake. Alikuwa amefundisha kwaya miaka mingi kabla ya kuingia serikalini, na hakuwahi kuacha kuhesabu mapigo kwa kidole, hata kwenye vikao. Alitembea na daftari la jalada gumu na tochi. Wiki ya kwanza alinipeleka Kingerikiti kwenye mashindano ya ngoma ya mganda, na mimi nikakaza macho kwa wachezaji, walivyopiga miguu na walivyonyoosha mistari. Akaninong'oneza, "Binti, unatazama wapi? Watazame waliosimama pembeni. Wakianza kutafuta viatu vyao, ngoma imekwisha, hata kama wachezaji hawajajua." Tangu siku hiyo nilijifunza kukaa nyuma na kutazama migongo ya watu.

Halafu biashara ikafunguliwa. Kahawa ambayo ilikuwa na mnunuzi mmoja ikapata wengi, kila mmoja na mzani wake na maneno yake matamu. Zikaja nguo za mitumba, sabuni za rangi tano, redio kaseti, na mwishowe deki ya video. Aliyeileta deki mjini kwetu ni Bwana Athumani, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye babu yake alitoka Kilwa. Nyuma ya duka lake kulikuwa na ghala la zamani la kahawa. Akaweka humo mabenchi manane, televisheni juu ya meza ndefu, jenereta uani, na magunia madirishani kuzuia mwanga. Mtu akiingia alikutana na harufu ya kahawa ya maganda na petroli, na kwa miaka mingi harufu hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya sinema kwangu.

Kukagua kanda ikawa kazi yetu, na fomu tuliyokuwa nayo ni ileile ya kwaya na sarakasi. Palipoandikwa "idadi ya waimbaji" tulipiga mstari. Asubuhi Bwana Athumani alifunga mlango, akaweka kanda, nasi tukatazama nikiwa na saa ya mkononi na penseli. Filamu yenye kipande kisichofaa hatukuwa na chombo cha kuikata. Tulikuwa na kanga. Mimi niliandika dakika, na kipande kikifika Bwana Athumani alisimama mbele ya televisheni na kuifunika kioo kwa kanga ya mkewe mpaka kipite. Sauti iliendelea. Mara moja alinogewa na sauti akasahau kuitoa, na watu wakasikiliza filamu nzima ya vita kama wanavyosikiliza redio.

Sasa filamu yenyewe. Ilikuwa ya Kizungu, ya kuchekesha, ya vijana walioachiwa nyumba ya tajiri wao akiwa safarini. Wanaita wenzao kwenye sherehe, pombe inamwagika, watu wanaingia kwenye bwawa la kuogelea bila nguo, na kila mlango ukifunguliwa kuna watu wawili wanashtuka. Katikati ya vurugu anafika mjomba wa tajiri, mtu mzima mwenye heshima zake na mkoba wa ngozi. Kabla ya nusu saa heshima zake zimebaki taulo moja. Lugha watu wengi hawakuifahamu, na wala haikuhitajika.

Siku ya ukaguzi nilicheka mpaka penseli ikaanguka. Mzee Komba alikohoa mara kadhaa, akatazama dari. Tukaandika kibali: watu wazima tu, kanga sehemu tatu. Mimi na Mzee tuliona tumefanya kazi nzuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria nani angekaa karibu na nani, na hilo ndilo kosa letu. Hapa kwetu mtu na mama mkwe wake hawali chungu kimoja. Wakikutana njia nyembamba mmoja huingia majanini kumpisha mwenzake. Ghala la giza halina majani ya kuingia.

Ilikuwa Jumapili ya msimu wa kahawa, alasiri, watu wametoka misa ya pili na gulioni, na wana cha kutumia. Banda lilijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni. Nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na mlango, nikifanya kama nilivyofundishwa. Kicheko kilikuwa kinaanzia mabenchi ya vijana wa stendi na kurudi nyuma. Ikafika sehemu ya mjomba. Amejificha bafuni na taulo lake, wanawake watatu wanaingia, na papo hapo Bwana Athumani akainuka na kanga. Ikabaki sauti ya mjomba akiomba msamaha kwa kilio. Nakiri kwamba kanga iliifanya sehemu ile kuwa mbaya zaidi, maana kila mtu alijazia mwenyewe.

Kutoka benchi la pili mwanamke mmoja alicheka. Hakikuwa kicheko cha kuficha mdomo. Kilitoka tumboni, na kilitangulia vicheko vyote. Mwanamume aliyekaa nyuma yake akanogewa, akaangua kicheko chembamba, akainama mbele, akamshika bega na kusema kwa sauti ya kusikika banda zima, "Umeona, dada? Mimi hilo taulo ningeshalitupa!"

Jenereta likazimika. Petroli ilikuwa imekwisha. Bwana Athumani akavuta gunia la dirisha la karibu ili apate mwanga wa kutafutia dumu, na mwanga ukawaangukia wale wawili. Yule mwanamume alikuwa Otmar, mkulima wa Ukata, mtu aliyejulikana kwa ucheshi kila kilabu cha pombe. Yule mwanamke alikuwa Mama Kolumba, mjane wa Mpepai, mama mzazi wa mke wake. Mkono wa Otmar ulikuwa bado begani.

Mama Kolumba alijifunika kanga kichwani mpaka usoni, akainuka, akatoka bila kumgusa mtu. Otmar alitoka kwa kupitia dirishani, na dirisha lile halikuwa kubwa.

Kabla wiki haijaisha, baba wadogo wa Blandina, mke wa Otmar, walifika Ukata, wakamchukua na watoto wake wawili, wakampeleka Mpepai kwa mama yake. Walisema Otmar amemshika mkwe na kumtamkia maneno ya chumbani mbele ya watu. Upande wa Otmar wakajibu kwamba palikuwa giza, na tena onyesho lilikuwa na kibali cha serikali. Wazee wakashika hapohapo. Wakaandika barua kwangu, imegongwa muhuri wa kijiji: serikali iseme, ile filamu ni uchafu au ni kichekesho? Ikiwa ni kichekesho, Otmar ataleta kuku wa kuomba radhi na mke wake atarudi. Ikiwa ni uchafu, basi aliufuata uchafu kwa miguu yake, na ndoa imekwisha.

Sijapata kusoma sheria yoyote inayompa afisa utamaduni msaidizi mamlaka ya kuvunja ndoa. Lakini barua ilikuwa mezani, na kila asubuhi Otmar alikuwa amesimama nje ya ofisi, ameshika kofia kwa mikono miwili.

Barua nyingine zikafuata. Akina mama wa jumuiya ya kanisa walitaka banda lifungwe na kanda ichomwe. Vijana wa stendi walitaka filamu iachwe na kanga ndiyo ichomwe. Mwalimu mmoja aliandika kurasa mbili kwamba filamu ina mafunzo kuhusu madhara ya ulevi. Katekista mstaafu alisema ameitazama mara tatu ili ahakikishe ubaya wake. Bwana Athumani alikuja mwenyewe, akaketi, akasema, "Mama Utamaduni, watoto wangu siwaonyeshi ile. Lakini watu nao wana haki ya kucheka, au sivyo?"

Mzee Komba akaniambia nichukue daftari nikawaulize waliokuwemo. Nilizunguka siku nne. Mwanzoni niliuliza swali moja tu, umeionaje filamu, na majibu yakagawanyika nusu kwa nusu bila mpangilio. Wazee waliicheka, vijana wengine waliilaani, wanawake huku na huku. Nilikuwa nakaribia kukata tamaa nilipofika kwa fundi cherehani mmoja wa sokoni, ambaye jina lake lilikuwa kwenye barua mbili: ya kutetea na ya kulaani.

"Fundi, wewe uko upande gani?"

"Jumamosi niliipenda, mama. Jumapili ilikuwa chafu."

"Si filamu ileile?"

"Ileile. Jumamosi nilikaa na wenzangu. Jumapili nikamkuta baba mkwe benchi langu, na kutoka nje siwezi, nitampita mbele."

Nilirudi kwa wote niliokwisha kuwauliza, na safari hii nikauliza: ulikaa na nani? Waliokaa na marika yao walisema ni kichekesho. Waliokaa na mkwe, mzazi, baba wa ubatizo au bosi walisema ni uchafu. Sikumpata hata mmoja aliyekuwa kinyume, isipokuwa katekista, ambaye alikaa peke yake. Nilipomsomea Mzee Komba, aliacha kuhesabu kwa kidole. "Basi tulikagua kanda," akasema, "na mabenchi hatukuyakagua."

Palibaki mtu mmoja ambaye hakuna aliyethubutu kumuuliza. Nilikwenda Mpepai. Nilimkuta Mama Kolumba uani anachambua maharage kwenye ungo. Blandina alikuwa jikoni, macho yamevimba, akanisalimia na kurudi ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya ile."

"Ndiyo, mama. Samahani. Nataka kujua ulivyoiona."

Aliendelea kuchambua. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba siku ile nilikuwa nyuma, na kwamba kabla Otmar hajafungua mdomo nilisikia mwanamke wa benchi la pili akicheka. Mikono yake ikasimama.

"Nilicheka," akasema. "Mimi ndiye nilianza. Tangu baba yao afariki sijacheka hivyo. Nilikuwa nimekwenda kuuza maharage, dada yangu akanivuta, nikasema wacha nione hiyo sinema wanayoisema. Yule mzee na taulo lake, mwanangu, nilishindwa kabisa." Akatazama jikoni. "Kijana wa watu aliitikia kicheko changu. Angekuwa mtu mwingine yeyote, ningemjibu."

"Basi waambie wazee hivyo, mama."

"Niwaambie kwamba mjane mzima, mama wa jumuiya, alikuwa anachekea uchi wa watu gizani pamoja na mkwe wake? Hapana. Na wewe usimwambie mtu nikiwa hai. Huyo mtoto arudi kwa mumewe, lakini kwa njia nyingine. Tafuta njia, wewe si serikali?"

Nilimkasirikia, sitaficha. Mwanawe alikuwa analia hatua kumi kutoka hapo, na mkwewe alikuwa amegeuka kuwa nguzo ya ofisi yangu, na yeye neno analo mdomoni. Lakini nilimwahidi. Njiani kurudi hasira zikapungua, nikafikiri nami ningekuwa na umri ule, na ukoo ule, ningesema nini.

Taarifa yangu ilikuwa na ukurasa mmoja. Niliandika kwamba filamu ni kichekesho cha watu wazima kinachofaa kutazamwa na marika, na kwamba kosa si la mtazamaji yeyote bali la ofisi iliyotoa kibali bila sharti la ukaaji. Kwa hiyo ofisi inaomba radhi kwa ukoo wa Mpepai. Mzee Komba aliisoma mara mbili, akasema itatuletea barua kali, akatia sahihi.

Siku ya kupatanisha, Otmar alileta kuku wake, na mimi nikaleta wa serikali, jogoo mwekundu niliyemnunua sokoni. Mama Kolumba hakutokea. Dada yake ndiye aliyepokea kwa niaba yake. Wazee walimtazama jogoo wangu kwa heshima kubwa, maana hawakuwahi kuona serikali ikiomba radhi kwa jogoo. Blandina alirudi Ukata siku hiyohiyo, mtoto mgongoni na mwingine kamshika mkono. Barua kali nayo ikaja, ikinikumbusha kwamba ofisi ya umma haiombi radhi kwa kuku. Nimeihifadhi mpaka leo.

Kwa banda la Bwana Athumani tuliweka sharti jipya. Kabla gunia la mwisho halijashushwa, watazamaji wote wasimame, wageuke, watazame mbele na nyuma. Aliyemwona mkwe alichagua kutoka, na hakuulizwa. Watu waliipa jina, dakika ya wakwe, na kuna siku ilichekesha kuliko filamu, maana mabenchi mawili mazima yaliwahi kutoka kwa ajili ya bibi mmoja. Baadaye niliikuta mpaka Mbamba Bay, kwenye banda ambalo mwenyewe hakujua ilikotoka. Zikaja sidii, zikaja simu, kila mtu akatazama chake mkononi mwake, na ghala likawa la mbolea. Nyinyi vijana mnaniletea ripoti za watazamaji waliopenda na wasiopenda, kwa asilimia. Ni vizuri. Waulizeni pia walikaa na nani.

Sasa niseme la Otmar. Mke alirudi, lakini yule Otmar wa zamani hakurudi. Hakukanyaga tena banda la video, na walionijua Ukata waliniambia kwamba hata kilabuni aliacha mizaha. Mtu akimchokoza, anatabasamu na kutazama chini. Alimwezekea mkwewe nyumba kwa mabati mapya. Kila mavuno Mama Kolumba alimpelekea maharage kwa mkono wa Blandina. Hawakuzungumza, kama ilivyo desturi, na watu walisema ndoa ile ni ya mfano. Mimi kila nilipokutana naye mjini alivua kofia na kuniamkia kwa unyenyekevu wa mtu anayedaiwa, na kila mara neno lilinifika kooni nikalimeza. Liliniuma. Nilikuwa nimeokoa nyumba yake na kumwacha yeye mwenyewe nje.

Mwaka wangu wa mwisho kazini Mama Kolumba alifariki, amekula chumvi nyingi. Nilikwenda Mpepai kuzika. Baada ya maziko watu walikuwa wamekaa makundi makundi, na Otmar alikuwa amejitenga nyuma ya nyumba, kichwa chote cheupe. Aliponiona akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole sana, Otmar."

"Nimeshapoa, mama." Akazungusha kofia mikononi. "Nilitaka nikuulize jambo. Wewe ulikuja kuzungumza naye wakati ule. Miaka yote hii nimejiuliza. Amekufa ana kinyongo na mimi?"

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba benchi la pili ndilo lililoanza kucheka, kwamba nilikisikia kicheko hicho kwa masikio yangu, na kwamba mama mkwe wake mwenyewe alinikiria akiwa na ungo wa maharage magotini: alishindwa na taulo la mjomba, na angekuwa mtu mwingine yeyote aliyemshika bega, angemjibu.

"Alicheka?" akauliza.

"Alicheka kabla yako."

Otmar akaketi chini, palepale kwenye majani. Akajifunika kofia usoni kwa mikono yote miwili, na mabega yakaanza kutikisika, kwanza polepole, halafu mwili mzima, na sauti nyembamba ambayo niliitambua mara moja, ingawa sikuwa nimeisikia tangu siku ile ya jenereta, ikapenya kofia. Blandina akaja mbio kutoka jikoni, unga mikononi.

"Ana nini mume wangu?"

"Anamlilia mama yako," nikamjibu.

Blandina akapiga magoti, akamkumbatia kwa mikono yake ya unga, akawa anambembeleza, "Nyamaza, baba, nyamaza, alikupenda," na kila alivyombembeleza, Otmar alizidi.